Kuurudishia Udongo Haki Yake

Ye yote apitaye Tukuyu wakati wa mavuno huona malori yakipakia ndizi na viazi, tayari kwa safari ya Mbeya na Dar es Salaam. Hakuna wa kulaumiwa: mkulima ametoka jasho, naye anastahili malipo. Lakini liko swali linalotupasa kulifikiri. Je, vyote vilivyomo katika lori lile ni mali yake peke yake?

Zamani Wanyakyusa walikula ndizi zao penye migomba ile ile. Maganda yalibaki shambani, na samadi ya ng'ombe ilitiwa mashinani. Kilichotoka ardhini kilirudi ardhini. Leo maganda yanaozea mjini, zaidi ya kilometa 800 kutoka hapa, na potasi iliyomo haina njia ya kurudi. Basi pamoja na mazao yake mkulima huuza, kidogo kidogo, rutuba aliyorithi kwa babu zake na ambayo wajukuu wake wanaitazamia. Kuirudisha si hisani. Ni kulipa deni.

Walakini deni hulipwa kwa kipimo. Wako wadhanio kwamba kumwaga mbolea nyingi ni bidii. Sivyo. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Mvua ya Tukuyu hupita milimeta 2,000 kwa mwaka. Urea ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hupotea hewani, na nyingine huchukuliwa na maji kuelekea mto Kiwira na Ziwa Nyasa. Fosfati nayo hushikwa kwa nguvu na udongo wa volkano, hata mimea isiipate. Ndiyo sababu yafaa iwekwe karibu na mizizi. Mwenye busara hupimisha udongo kwanza, hutia Urea kwa awamu na kuifukia, wala haidharau samadi.

Tena fedha hizo si zake tu. Mpango wa ruzuku uliozinduliwa Mbeya siku ya Nanenane, mwaka 2022, ulipunguza bei ya mbolea kwa fedha za Hazina, yaani kwa kodi ya mvuvi na mchukuzi wasio na shamba. Auzaye mfuko wa ruzuku kwa magendo, au auachaye uoshwe na mvua, hupoteza jasho la wengine.

Maskini atauliza: nitalipaje deni la udongo, na ada ya mtoto haijalipwa? Swali lake ni la haki. Asiye na shilingi anaweza kurudisha samadi, majivu na majani, na kupanda maharage kati ya mahindi. Lakini mzigo huu si wake peke yake. Mnunuzi anayemlazimisha auze kwa bei ya kutupa, na mlaji wa mjini anayeifurahia bei hiyo, nao wanakula udongo wa Rungwe. Palipo na walaji wengi, si haki mlipaji awe mmoja.