Ukweli wa Nyumba Moja

Je, neno lililo kweli nyumbani mwa mtu mmoja tu laweza kuitwa kweli? Swali hili ni la kale, walakini nimelikuta mahali ambapo mwanafalsafa hatazamii kulikuta: katika Maven, chombo watumiacho watunzi wa programu za Java kujengea kazi zao.

Hapana programu isimamayo peke yake. Kila moja hutegemea maktaba zilizoandikwa na wengine, na mtunzi huzitaja katika faili iitwayo pom.xml kwa kundi lake, jina lake na toleo lake. Maven huisoma orodha hiyo, kisha huenda kuchukua kila kilichotajwa katika ghala kuu, lililo wazi kwa ulimwengu. Kitu kilichokwisha kuwekwa humo hakibadilishwi; kwa hiyo orodha ni ushahidi ambao mgeni yeyote aweza kuuhakikisha.

Taabu huanza kwa kitegemewa kisichokuwamo ghalani. Kiungo cha Oracle cha Java na hifadhidata yake kilikuwa hivyo kwa miaka mingi, mpaka kampuni ilipokipeleka katika ghala kuu mwaka 2019. Kabla ya hapo kila mtu alijichukulia mwenyewe, baada ya kukubali masharti. Mtunzi alibanwa kati ya ahadi aliyompa mwenye mali na haki ya mwenziwe atakayeirithi kazi.

Aliweza kuandika kwamba kitu hiki kimo katika kompyuta yenyewe, akataja na njia ya faili. Wenye Maven hawaipendi desturi hii, nao wana sababu: njia iliyo sahihi kwangu si sahihi kwako; tena kwa kawaida faili hiyo haifungwi pamoja na kazi iliyokamilika, hata programu hujengeka salama ikaja kuanguka inapotumika. Ama aliweza, kwa amri moja, kukiingiza katika ghala dogo la kompyuta yake, akakipa jina na toleo apendalo. Hapo orodha hung'aa kama orodha nyingine zote.

Wengi huisifu njia hii ya pili kwa unadhifu wake. Mimi naona ile ya kwanza, pamoja na ubaya wake wote, ina uaminifu zaidi, maana humwambia msomaji kwamba hapa pana kitu asichonacho. Ya pili humwacha akitafuta ulimwenguni kitu kilichokuwa mezani pa mtu aliyekwisha ondoka. Mtasema hakukusudia kudanganya. Naam, lakini aliyepotezwa hapungukiwi na safari kwa kuwa aliyemwelekeza alikuwa na nia njema.

Iliyo bora ni ghala la pamoja la ofisi, kwa kadiri leseni inavyoruhusu. Hilo lataka seva, ulinzi na mtu wa kulitunza, nami simlaumu afanyaye kazi peke yake akiliahirisha. Walakini mstari mmoja ndani ya pom.xml, utajao faili ilikotoka na toleo lake la kweli, hauchukui hata dakika moja kuuandika.