Kuchuma Maua Kabla ya Jalidi



Kama umekulia Njombe au Makete, baridi ya Juni na Julai unaijua. Usiku anga halina wingu hata moja, na asubuhi unakuta jalidi nyeupe juu ya majani. Mche wa pilipili hoho hauivumilii kabisa. Usiku mmoja tu, majani yananyauka kama yamechemshwa.

Kwa hiyo mkulima anauongezea mmea siku. Mchana anamwagilia, maana udongo wenye maji hutunza joto na kulitoa polepole usiku. Kabla jua halijazama anasimika vijiti na kufunika kwa blanketi kuukuu, lisiguse majani. Asubuhi anafunua, mmea upate mwanga.

Halafu anafanya jambo la kushangaza kidogo: anachuma maua yote mapya na kuyatupa.

Ni maua mazima, hayana ugonjwa. Ila ua la leo linahitaji mwezi na zaidi kuwa hoho ya kula, na baridi haitasubiri. Likiachwa, litakula nguvu ya hoho ambazo tayari zipo.

Je, ni sawa kuacha kitu chema? Tumefundishwa kukataa dhambi, na ni kweli. Lakini mara nyingi kinachotuzuia kumaliza wema mmoja ni wema mwingine. Leo novena mpya, kesho kikundi kipya, keshokutwa semina. Wakati huohuo lipo jambo moja ambalo Mungu alilianzisha moyoni mwako na bado ni bichi: kwenda Kitubio, kurudisha hela ya watu, kumwomba mama msamaha. Tunapenda maua kwa sababu ua halituumizi. Kumwangalia mama usoni kunaumiza.

Sisemi uache kwaya ukalale! Nasema jiulize: hili jipya ni wito, au ni njia nzuri ya kulikwepa lile la zamani?

Katika Luka 13:6-9, mtunza shamba anauombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi. Haombi muda wa bure. Anaahidi kuupalilia na kuutia mbolea, na anakubali kwamba mwaka huo utakwisha. Uvumilivu wa Mungu ni blanketi juu yetu usiku. Haujafanya Julai isije.

Utasema, "Mimi bado kijana, muda ninao." Sawa, labda wewe unao. Lakini mama yako naye ana msimu wake, na yule uliyemkosea pia.

Wiki hii chagua tunda moja lililobaki bichi, na ua moja la kuchuma ili tunda hilo liive. Usingoje Kwaresima.

Tusali: Ee Bwana, asante kwa siku ulizotuongezea. Tupe ujasiri wa kumaliza ulichokianza ndani yetu. Amina.