Jembe Kabla ya Mpini

Jembe hufuliwa kabla ya kutiwa mpini. Warongo, mafundi wa chuma wa Geita tangu zama za kale, walilijua hilo: moto kwanza, nyundo baadaye, shamba mwisho.

Askari naye ni vivyo hivyo. Jeshi ambalo Tanganyika ililirithi kwa Waingereza lilikuwa hodari wa gwaride. Hata hivyo, mwezi wa Januari 1964 liliasi, kwa kuwa askari wake, mbali na malalamiko yao ya mishahara na ya kuamriwa na maofisa wageni, walikuwa wamefundishwa kutii pasipo kufundishwa wanamtumikia nani. Lilipoundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), likawapokea vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, walioshika jembe na bunduki, na kusomeshwa habari za nchi yao. Hiyo, kwa yakini yangu, ilikuwa hekima kubwa.

Leo kijana atokaye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa huenda akasimama langoni pa mgodi, au akashuka chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Ukakamavu anao. Kuwahi anajua. Kutii anajua. Lakini utii usiojua sababu ni chuma kilichopigwa nyundo pasipo moto: hupasuka kwenye jiwe la kwanza.

Basi wewe msimamizi uendaye kazini asubuhi hii, utakapomwamuru kijana avae kofia ngumu, mweleze kwa nini. Mpe nafasi akuulize, nawe umjibu kwa heshima.