Ahadi ya Mtu na Jicho la Mwenzake

Anayeamua kupunguza uzito huwekeana ahadi na nafsi yake. Je, ikiwa hawezi kuitimiza bila muuguzi kumpima kila mwezi, ahadi hiyo bado ni yake?

Wengi husema hapana. Mtu mzima hachungwi. Jibu hilo lina ukali usiostahili. Mwaka 2008 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 1,032 waliokwisha kupungua, kwa wastani, kilo 8.5. Kundi moja liliachiwa lijitegemee, la pili likapewa tovuti ya kujifuatilia, na la tatu likazungumza na mshauri kila mwezi, mara nyingi kwa simu ya dakika chache. Baada ya miezi 30 waliojitegemea walikuwa wamerudisha kilo 5.5, wa tovuti 5.2, na waliozungumza na mtu 4.0. Tofauti si kubwa, lakini ililetwa na sauti ya binadamu.

Mwili nao una lake. Watafiti wa Melbourne waliwaingiza watu 50 katika mpango wa wiki 10 wa kupunguza uzito, na matokeo yakatoka mwaka 2011: mwaka mzima baadaye, homoni za njaa na shibe zilikuwa hazijarejea katika viwango vya awali, na njaa ilikuwa bado imezidi. Aliyeongezeka tena, basi, hakushindwa na ulafi pekee.

Na kusaidiwa si aibu: Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake cha maadili, aliyahesabu yanayowezekana kwa msaada wa marafiki kuwa ni miongoni mwa yale tunayoyaweza wenyewe. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alihimiza muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake. Lakini alijua nafsi hujifichia aibu zake. Kwa hiyo, kati ya njia za kuzijua aibu hizo, alitaja kukaa mbele ya mwalimu na kuwa na rafiki mkweli anayekuangalia na kukuambia. Wote wawili hawakuona kwamba msaada huo unamvua mtu utu uzima wake.

Lakini rafiki mkweli si hakimu. Kliniki inayomsomea mtu kilo zake mbele ya foleni, au inayompokea kwa "Mbona umeongezeka tena?", humfundisha kukwepa tarehe ya kurudi. Na anayekwepa mara nyingi ni yule yule aliyeongezeka, mwenye haja kubwa kuliko wote. Hapo mahudhurio yamekuwa mahakama, na muhasaba umekufa, kwa maana hakuna anayejihesabu kwa ukweli huku anajitetea.

Mizani iwekwe faraghani. Swali la kwanza liwe la usingizi, kazi, msiba au dawa mpya, maana kilo huongezwa na mengi. Na aliyekosa tarehe yake apigiwe simu kabla ya wengine, aulizwe hali yake na ya nyumbani, ndipo apangiwe siku nyingine.