Ushuhuda Juu ya Mwili wa Jirani

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 20:16, 2 Wafalme 20:1-7, 2 Mambo ya Nyakati 16:12, Mithali 18:17, Yohana 9:1-7, 1 Wakorintho 6:19, 20, Kolosai 4:14.

Fikiria mama mmoja wa kanisa katika kata ya Ndandalo, wilayani Kyela. Ana umri wa miaka 58, na alibatizwa akiwa msichana. Hali nguruwe, hanywi pombe wala kahawa. Chakula chake ni wali, maharage, ndizi, mboga za majani na usipa wa Ziwa Nyasa, na karibu kila mboga huungwa kwa mawese. Siku moja kizunguzungu kinampeleka hospitali. Vipimo vinaonyesha kwamba shinikizo la damu limepanda, na kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, iko juu sana. Daktari anamwandikia vidonge vya kumeza kila siku, pengine kwa maisha yake yote.

Sabato inayofuata, baada ya ibada, muumini mwenzake anamvuta pembeni chini ya mwembe. "Mama, usiue ini lako kwa kemikali. Mungu wetu ametupa mimea. Unga huu ni wa asili kabisa. Mimi mwenyewe umenisaidia." Anafungua mkoba na kumwonyesha kopo. Mama ana fedha za kununua kimoja tu: vidonge au unga. Afanye nini?

Mama huyu ni wa kufikirika, lakini swali lake linaulizwa katika makanisa mengi, na hata kwenye makambi, karibu na meza za vitabu vya afya. Nalo lina uzito, kwa sababu jibu lake laweza kumgharimu mtu moyo wake au ubongo wake.

Asili na kiwanda

Mara nyingi swali hili huwekwa hivi: mimea ni ya Mungu, vidonge ni vya wanadamu, chagua. Lakini mpaka huo hauko wazi kama unavyosemwa. Watu wa Kyela wanaijua malaria vizuri, na wengi wamepona kwa dawa mseto. Kiini cha dawa hiyo kilitolewa kwanza katika mmea uitwao artemisia. Mtu anapomeza dawa mseto, haulizi kama ni ya asili au ya kiwandani. Anauliza kama inaponya.

Dawa za kolesteroli ziitwazo statini nazo zina historia ya namna hiyo. Mapema katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Japani, Akira Endo, alipima aina zaidi ya 6,000 za kuvu, ule ukungu unaoota juu ya vitu vilivyokaa. Mwaka 1973 alipata alichokitafuta: kitu kinachozuia ini kutengeneza kolesteroli nyingi. Kuvu hiyo ilikuwa imetokana na mchele wa duka la nafaka huko Kyoto. Dawa ya kwanza ya kundi hilo kuruhusiwa kuuzwa Marekani, lovastatini, iliruhusiwa mwaka 1987, nayo pia ilitoka katika kuvu. Zaidi ya hayo, upo mchele mwekundu uliochachushwa, ambao Wachina wameutumia tangu zamani na sasa huuzwa kama kirutubisho cha asili. Ndani yake mna kitu kilekile kilicho katika lovastatini. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo kinachojulikana, na katika kopo la mchele huo kipimo chaweza kuwa kikubwa, kidogo, au kisiwepo kabisa.

Basi neno "asili" linaeleza kitu kilikotoka. Halielezi kama kinafanya kazi, wala kama ni salama. Hata balungi, tunda zuri la bustani, huongeza nguvu ya baadhi ya statini mwilini hadi kuleta madhara. Anayetumia dawa hizo anapaswa kumwambia daktari wake vyote anavyokula na kunywa kama tiba, bila kuficha unga wala chai ya majani.

Ugonjwa usiosikika

Soma Kutoka 20:16. Je, amri ya tisa inahusu mahakama tu?

Amri hiyo inalinda jina la jirani, lakini inalinda pia maisha yake, kwa kuwa shahidi anaweza kuua kwa maneno. Anayemwambia mgonjwa aache dawa anatoa ushuhuda juu ya mwili usio wake. Anapaswa kujiuliza: ninalolisema, nimelijuaje?

Hapa ndipo kolesteroli inapotofautiana na maumivu ya jino. Haiumi. Haiwashi. Mtu anaweza kuwa nayo juu kwa miaka 20, akalima mpunga, akaimba kwaya, akajisikia mzima, huku mishipa yake ikizidi kuziba taratibu. Kwa sababu hiyo, maneno "nilitumia nikajisikia vizuri" hayawezi kuwa ushuhuda juu yake. Huyo aliyesimama chini ya mwembe huenda ni mkweli kabisa: alikunywa unga, akapata nguvu. Lakini hakuna anayeweza kuhisi kolesteroli ikishuka. Shahidi pekee ni damu iliyopimwa kabla na baada.

Mithali 18:17 inaonya kwamba maneno ya msemaji wa kwanza huonekana ya haki mpaka mwingine atokee na kumchunguza. Utafiti mzuri wa dawa ni uchunguzi wa namna hiyo. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu walipewa statini, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, na hakuna mgonjwa aliyejua amepewa kipi. Baada ya miaka mitano na zaidi, waliokufa katika kundi lisilo na dawa walikuwa 256. Katika kundi la statini walikuwa 182. Hao walikuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Kwa mtu ambaye hajaugua, daktari hutazama hatari yake yote: umri, shinikizo la damu, kisukari, sigara.

Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti mwingine, wa Marekani, uliolinganisha dozi ndogo ya statini na virutubisho sita: mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, viini vya mimea viitwavyo steroli, na mchele mwekundu. Watu 190 walifuatiliwa kwa siku 28. Statini ilishusha kolesteroli mbaya kwa karibu asilimia 38. Hakuna kirutubisho hata kimoja kilichoishusha kwa kiasi cha maana kupita kidonge kisicho na dawa. Ni haki kusema pia kwamba gharama za utafiti huo zililipwa na kampuni inayotengeneza dawa hiyo, na kwamba siku 28 ni chache. Shahidi mwaminifu hutaja hata yale yanayopunguza nguvu ya hoja yake. Kwa kipimo hichohicho, muuza unga naye ataje faida anayopata katika kila kopo.

Watanzania wanajua ushuhuda usiochunguzwa unaweza kufika wapi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Bei ilikuwa shilingi 500 tu. Wagonjwa walitolewa hospitalini wakapakiwa kwenye magari. Baadhi walifia kwenye foleni. Wako waliorudi wakiwa na uhakika kwamba wamepona, wakaacha dawa za UKIMWI au za kisukari. Wengi wa waliowahimiza walikuwa ndugu waliowapenda. Upendo wao ulikuwa wa kweli. Ushuhuda wao ulikuwa haujapimwa.

Vipi kuhusu ujumbe wa afya?

Mwadventista anaweza kuuliza: je, Ellen G. White hakuonya juu ya dawa? Alionya, na kwa sababu nzuri. Katika karne ya 19 madaktari waliwapa wagonjwa zebaki, aseniki na strikinini, sumu ambazo leo hakuna daktari angezitoa kwa namna ile. Alielekeza watu kwenye hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, lishe bora, maji na kumtumaini Mungu. Lakini hakuikataa elimu ya tiba. Aliunga mkono kuanzishwa kwa chuo cha madaktari cha Loma Linda, kilichosajiliwa mwaka 1909, naye mwenyewe katika uzee wake alikubali kutibiwa kwa mionzi alipopata doa katika paji la uso.

Ushauri ule wa kale bado una nguvu, hata kwa kolesteroli. Maharage, mboga za majani, matunda na nafaka zisizokobolewa husaidia kuishusha. Kutembea na kupunguza uzito huusaidia moyo. Pale Kyela liko pia jambo la mawese. Mawese mekundu yana vitamini A kwa wingi, na ni chakula cha wazazi na mababu. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda, ambayo hulifanya ini lishindwe kuondoa kolesteroli vizuri katika damu. Baadhi ya chupa za mafuta huandikwa "haina kolesteroli". Maneno hayo ni kweli kwa mafuta yote ya mimea, na bado yanaweza kumdanganya mnunuzi, kwa kuwa kolesteroli nyingi ya mwili hutengenezwa na ini lenyewe. Kupunguza kijiko cha mawese katika sufuria ni tiba ya asili isiyouzwa na mtu yeyote, na pengine ndiyo sababu haitangazwi.

Hata hivyo lishe ina mpaka wake. Takriban mtu mmoja kati ya 250 duniani huzaliwa na kasoro ya kurithi inayopandisha kolesteroli hata akila vizuri namna gani. Soma Yohana 9:1-3. Wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Yesu alilikataa swali hilo. Katika kanisa lenye ujumbe wa afya swali hilohilo hurudi kwa sauti ya chini: "Huyu anakula nini kwa siri?" Mgonjwa anayelisikia hukimbilia unga wa kufichwa mkobani, kwa sababu vidonge vya hospitali vinaonekana kama ungamo la kosa. Aibu hiyo imewanyima wengi dawa.

Mkate wa tini

Soma 2 Wafalme 20:1-7. Isaya alifanya nini baada ya kupokea ahadi ya Mungu?

Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Kisha nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi haikuiondoa dawa, na dawa haikuipunguza ahadi. Mfalme Asa, kwa upande mwingine, analaumiwa katika 2 Mambo ya Nyakati 16:12 kwa sababu alipougua alimwacha Bwana na kuwategemea waganga peke yao. Kosa lake lilikuwa kumwacha Bwana. Kama kuwa tabibu kungekuwa aibu, Paulo asingemtaja Luka kwa kazi hiyo na kwa upendo katika mstari uleule wa Kolosai 4:14.

Basi mama wa Ndandalo, mwenye fedha za kitu kimoja, anunue vidonge, na apunguze mawese. Arudi kupimwa kwa tarehe aliyopangiwa. Akisikia maumivu ya misuli, ambayo huwapata baadhi ya watumiaji wa statini, amwambie daktari, asiache dawa kimyakimya. Aombe kila usiku kabla ya kumeza, akijua kwamba mwili wake ni hekalu na kwamba alinunuliwa kwa thamani.

Na yule mwenzake chini ya mwembe? Anaweza kuwa ndugu wa kweli kwa namna nyingine. Anaweza kusema, "Mama, mimi nilijisikia vizuri, lakini sikupima. Twende wote hospitali, nami nipimwe." Akina mama wa Dorkasi wanaweza kumchangia vidonge mwezi ambao mpunga haujauzwa. Huo nao ni ushuhuda juu ya mwili wa jirani, na hauhitaji kopo.

Maswali ya kujadili

1. Je, ni lini ushuhuda wa uponyaji unamtukuza Mungu, na ni lini unaweza kuvunja amri ya tisa hata kama msemaji hakukusudia uongo?

2. Kanisa lenu lifanye nini muumini anapouza tiba kwa waumini wenzake katika eneo la ibada?

3. Mgonjwa anayemeza dawa kila siku anajisikiaje mnapofundisha ujumbe wa afya? Mnawezaje kuufundisha bila kumtia aibu?

4. Ni nani katika kundi lenu la Shule ya Sabato anayeacha dawa kwa kukosa fedha, naye hajawahi kuulizwa?