Watumeni Vijana Wetu Wakaione Nchi

Ndugu zangu wa Pasiansi, kina mama mnaowahi dagaa Mwaloni alfajiri, madereva wa bajaji na bodaboda, walimu, wazee wetu, nanyi vijana mnaoshinda vijiweni mkingoja kuitwa: nawasihi mnisikilize.

Katika kitabu cha Hesabu tunasoma kwamba Musa, akiwa na watu wake jangwani, alichagua watu 12, mmoja kutoka kila kabila, akawatuma waende Kanaani wakaone nchi ile ikoje, watu wake wakoje, miji yao na mashamba yao yakoje. Tazameni mambo mawili hapo. Waliotumwa walitumwa na taifa lao, hawakuachwa kila mmoja ajitafutie njia. Na walitoka katika kila kabila; hakuna kabila lililobaki nyuma kwa kukosa ndugu mkubwa wa kulisemea. Waislamu wenzangu wa mtaa huu nao wanalijua fundisho la Suratul Hujurat, kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana ni amri. Haikuwekwa kwa ajili ya wenye fedha peke yao.

Sasa niulize: vijana wetu wanatumwa na nani?

Wanatumwa na wenzetu. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilianzisha programu ya YES, iliyomchukua mwanafunzi wa sekondari, akiwamo wa Tanzania, akaishi mwaka mzima wa masomo ndani ya familia ya Kimarekani, na gharama ikalipwa na hazina yao. Ujerumani ilianzisha weltwärts mwaka 2008 ili vijana wake waje kujitolea katika nchi kama yetu, na tangu 2013 inawalipia na vijana wa huku waende kwao. Jiji letu la Mwanza lina udugu na mji wa Würzburg tangu 1966. Nawashukuru wote hao bila kinyongo. Mtoto wa mtu ameona dunia kwa mkono wao.

Lakini Februari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda malipo ya programu zake za kubadilishana, na mashirika yanayoziendesha yakahaha. Halikuwa kosa la kijana yeyote. Fedha ni zao na uamuzi ni wao. Anayelipa nauli ndiye anayechagua nani aende, aende wapi, akajifunze nini na lini safari ifutwe. Taifa lenye watu zaidi ya milioni 60 litaiacha hadi lini safari ya watoto wake mikononi mwa mabunge ya watu wengine?

Msiniambie sisi hatuwezi jambo hili. Tumeshalifanya! Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaviweka viwili hivyo chini ya paa moja. Mwaka 1965, nchi ikiwa na umri wa miaka minne tu tangu uhuru, serikali ilikubaliana na China, vijana wetu wakaenda huko kujifunza sarakasi. Walirudi 1969, wakawa msingi wa Kikundi cha Sarakasi cha Taifa, na ujuzi ule ukaenea kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Wakati ule tulikuwa maskini kuliko leo. Hatukuwa na chuo kikuu kilichojaa wala barabara ya lami ya kufika Mwanza. Tulikuwa na nia.

Na tazameni Ufaransa na Ujerumani. Walipigana vita vitatu ndani ya miaka 75, wakazikana kwa mamilioni. Mwaka 1963 serikali zao mbili zikaunda ofisi moja ya vijana, kila upande ukitia mchango sawa, ili watoto wa hawa wakaishi na watoto wa wale. Zaidi ya vijana milioni 9 wamepitia mikono ya ofisi hiyo. Waliiamini amani kiasi cha kuitengea bajeti kila mwaka.

Sisi wa Ziwa Victoria hatuna makovu? Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na wazee wetu walioitikia wito wa vita bado wako kati yetu. Kenya na Uganda zimegombania Migingo, kisiwa cha mawe kisichotosha hata kiwanja cha mpira. Na hapa mitaani, nani hajasikia kwamba Mkenya ni mjeuri? Huko Kisumu nako wanasema Mtanzania amelala. Wanaosema hivyo, wa huku na wa kule, wengi hawajawahi kulala usiku mmoja katika nyumba ya mwenzao. Ziwa ni letu sote: nusu yake iko Tanzania, iliyobaki wamegawana Uganda na Kenya. Samaki anavuka mpaka kila siku. Kijana wa Pasiansi havuki.

Mtasema tunayo Jamafest, tamasha la utamaduni la Afrika Mashariki, lililoanza Kigali 2013 na kufika Dar es Salaam 2019. Ni jambo jema, na ninaliombea lidumu. Ila kupanda jukwaani, kupigiwa makofi na kurudi kwenye basi hakutoshi. Ninachokililia ni kijana anayecheza bugobogobo, ngoma yetu ya jembe, aliyekua akiwaona wachezaji wa makundi ya Bagika na Bagalu wakishindana kwenye sherehe ya Bulabo kule Bujora, akaishi miezi mitatu Kisumu au Jinja. Ale kwa mama wa kule, achote maji naye, afundishe hatua za jembe na kujifunza kupiga nyatiti. Kisha naye mtoto wa yule mama aje alale Pasiansi, nasi tumwite mwanetu.

Najua kuna atakayesema zahanati kwanza, madawati kwanza. Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki, wala siombi kiti cha mtoto darasani kiuzwe. Lakini Juni 2025 tulifungua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, kwa mamia ya mabilioni ya shilingi zetu wenyewe. Safari ninayoiomba haihitaji hata ndege. Ni basi la kupita Musoma na Sirari, au meli, na familia zenye moyo wa kupokea mgeni. Moyo huo Usukuma haujawahi kuukosa.

Halmashauri zetu tayari zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Mikopo hiyo isiguswe. Naomba fungu jingine, dogo, lenye jina lake, katika bajeti ya Manispaa ya Ilemela na katika bajeti ya Taifa: fungu la kuwatuma vijana na kuwapokea wageni wao. Uteuzi ufanywe kwa haki, kata kwa kata, hadharani kwenye mkutano wa mtaa, majina yakibandikwa ubaoni, wasichana wakiwa nusu. Tusipolinda hilo, safari zote zitaishia kwa watoto wa wakubwa.

Basi mkutano wa mtaa ukiitishwa kabla ya bajeti, njooni. Msiwaachie mwenyekiti na watu watano. Simameni mbele ya mtendaji, mseme, na mhakikishe maneno yenu yameandikwa kwenye muhtasari. Mfuateni diwani hadi kwenye kamati ya maendeleo ya kata, mwandikieni mbunge kabla Bunge la bajeti halijaanza Dodoma. Nanyi vijana, msiende mikono mitupu: nendeni na orodha ya vikundi vyenu vya ngoma, maigizo na sarakasi, na majina ya kaya zilizo tayari kumpokea mgeni.