Nani Aseme "Yaishe"?

Nchi ambayo watu wake wameuana inarudije kuwa nyumba moja? Kwetu Shinyanga na Geita swali hili si la mbali. Malori ya Kigali na Bujumbura hupita Kahama kila siku, na kwa miaka mingi tumeishi na majirani waliokimbia vita vya huko. Rwanda na Burundi zina makundi yaleyale, Wahutu, Watutsi na Watwa, lakini katika kutafuta umoja zilishika njia mbili zinazopingana.

Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilisema: tusijiite tena kwa makabila. Kabila likaondolewa kwenye vitambulisho. Kisha mahakama za vijiji ziitwazo gacaca zilienea nchi nzima kuanzia 2005, na hadi zinafungwa 2012 zilikuwa zimesikiliza kesi karibu milioni 2. Mjane aliweza kumwuliza jirani yake, mbele ya kijiji, mwili wa mumewe uko wapi. Lakini makosa ya askari wa upande ulioshinda hayakusikilizwa humo.

Burundi ilisema kinyume: tuyataje makabila na tuyagawie nafasi. Mazungumzo ya Arusha yalianza 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Alipofariki Oktoba 1999, Mzee Mandela aliyapokea, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Katiba ya 2005 iliweka kiwango cha Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40 serikalini, na jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Tume ya ukweli, iliyoahidiwa Arusha, ilichelewa hadi 2014.

Ipi kati ya njia hizi inafaa zaidi mbele za Mungu? Wengi wetu tutaichagua ya Rwanda, kwa sababu Paulo anawafundisha Wagalatia kwamba katika Kristo sisi ni wamoja. Ni kweli. Lakini umoja huo hauwafungi midomo waliofiwa. Nayo hesabu ya viti ina faida yake: mtu anayeogopa kuuawa analala akijua kwamba wenzake nao wameshika bunduki. Hata hivyo, kiti bungeni hakimwelezi mama mwanawe alizikwa wapi.

Tumwangalie Yusufu. Katika Mwanzo 45 hakuwaficha ndugu zake kosa lao. Aliwaambia waziwazi kwamba yeye ndiye waliyemwuza, ndipo akawabusu akilia. Zaidi ya hayo, aliyesamehe ndiye aliyeumizwa. Hakuna aliyemsemea. Na katika sura ya 50, baba yao alipokufa, hofu iliwarudia ndugu wale, ingawa walikuwa wamekula naye miaka mingi. Burundi nayo iliona hofu ikirudi mwaka 2015, na maelfu wakavuka tena mpaka kuja Kigoma. Upatanisho si saini ya siku moja. Yusufu ilibidi awafariji tena.

Hapa ndipo habari hii inapoingia katika sharika zetu. Kanda yetu imeona vikongwe wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Watoto wa marehemu na watu wanaoshukiwa kumwua huchota maji kisima kimoja, na pengine huja kwenye Meza moja ya Bwana. Katika vikao vya ukoo husikika haraka neno "yaishe". Tuulize: nani amelisema? Likisemwa na aliyeumiza, ni amri ya kunyamaza. Likisemwa na wazee waliochoka na kesi, ni pumziko lao wenyewe. Likisemwa na aliyeumizwa, baada ya kuuliza na kujibiwa, hapo ni Injili.

Kwa hiyo hatuwezi kuuchukua mpango wowote kati ya hii miwili kuwa ndio wokovu. Sheria inaweza kufuta jina la kabila au kugawa viti, na zote mbili zaweza kuzuia damu isimwagike. Hiyo ni kazi njema ya serikali, tuiombee. Kazi yetu kama kanisa ni kukaa na aliyefiwa hadi amalize kusema, na kumsindikiza aliyekosa hadi aweze kujibu. Tusimharakishe yeyote kati yao.